Mwinyi: Cheo Kilichogeuka Jina la Ukoo

Januari 1984 Aboud Jumbe Mwinyi alijiuzulu urais wa Zanzibar, na aliyeshika nafasi yake akawa Ali Hassan Mwinyi. Majina yao hayakuoanishwa na mtu. Ni alama ya historia ndefu ya pwani, na jina la yule wa kwanza lilibeba vyeo viwili kwa mpigo, kwani jumbe naye alikuwa mtawala wa mji huko Mrima, pwani ya bara, kabla hajawa jina la mtu.

Mwinyi ni mwenye. Mwenye mji, mwenye ardhi, mwenye amri juu ya watu. Aliyepata heshima hiyo kwa ukubwa kuliko wote ni Mwinyi Mkuu wa Unguja. Utawala wake juu ya Wahadimu, wenyeji wa kisiwa hicho, ulikuwapo kabla Waomani hawajahamishia makao yao kisiwani, na hata walipokuja hawakuufuta mara moja. Mwinyi Mkuu aliendelea kuwasimamia watu wake kupitia masheha, akakusanya kodi ya kichwa na kugawana na Sultani. Katikati ya karne ya 19, Muhammad bin Ahmed alijijengea kasri Dunga. Alifariki 1865. Mwanawe Ahmed alimrithi, naye alipofariki 1873 hakutawazwa mwingine. Magofu ya Dunga bado yapo, na ngoma na siwa zilizokuwa alama za enzi hiyo zikahifadhiwa katika makumbusho ya Zanzibar.

Lakini atakayedhani kwamba kila mwenye jina hili ni mjukuu wa Dunga atapotea njia. Kule Mrima, kuanzia Pangani kushuka hadi upande wa Kilwa, mamwinyi walikuwa wengi, kila mji na wake. Shahidi mzuri ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili, ambaye maandishi yake ndiyo uti wa mgongo wa *Desturi za Wasuaheli*, kitabu kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903. Humo vyeo vya miji ya pwani vimeelezwa kwa undani: jumbe, shaha, waziri, amiri, mwinyi mkuu. Kuvipata kulihitaji karamu, ada na ridhaa ya wenye vyeo waliotangulia. Maana yake damu peke yake haikutosha. Mtu aliweza kupanda kwa mali yake na kwa kukubaliwa na wenzake. Na tazama jina la mwandishi mwenyewe: Mwinyi hapo ni heshima ya baba yake, Bakari.

Lamu na visiwa jirani walishika umbo la "mwenye", na huko heshima hiyo ikawaelekea zaidi masharifu. Mshairi mashuhuri wa Lamu, Sayyid Abu Bakr bin Abdulrahman, alijulikana kwa watu kama Mwenye Mansabu. Komoro jina hilohilo huandikwa Mougni kwa tahajia ya Kifaransa. Misafara nayo ililipeleka bara. Wamisionari wa Kiingereza walipofika Ujiji mwaka 1878, mkubwa wa mji alikuwa Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Nyangwe, alikuwapo Mwinyi Mohara, aliyeuawa 1893 katika vita na majeshi ya Dola Huru ya Kongo.

Kwa matumizi ya kila siku, cheo kililegea na kushikamana na jina la mtu. Ndipo tukapata Mwinyihaji, Mwinyimvua, Mwinyikombo, Mwinyijuma. Wanawake walikuwa na Mwana kwa heshima ileile, kama Mwana Kupona wa Siyu na Lamu. Hivyo penye Mwinyijuma pana Mwanajuma. Ulimi nao ukakata silabi: Mwinyijuma akawa Mwinjuma, jina ambalo wakazi wa Dar es Salaam wanalijua kwa mtaa ulioko Mwananyamala, na wapenzi wa muziki wanalijua kwa Mwinjuma Muumin na Hamis Mwinjuma.

Kilicholifanya kuwa jina la ukoo ni karatasi. Desturi ya pwani ni mtu kuitwa kwa jina lake, la baba na la babu, na kila kizazi kinapozaliwa jina la nyuma huanguka. Shule, stakabadhi za kodi na pasi za kusafiria zilidai jina moja lisilobadilika. Mfano ulio wazi ni Rais wa sasa wa Zanzibar, mwana wa Ali Hassan Mwinyi. Kwa desturi ya zamani angeitwa Hussein Ali Hassan, lakini tunamwandika Hussein Ali Mwinyi. Hassan, babu mwenyewe, ameachwa, Mwinyi amebaki.

Baada ya uhuru neno lilipigwa vita. Katika lugha ya siasa, hasa miaka ya ujamaa, umwinyi ukawa ndugu wa ukabaila: kula jasho la wengine. Mitaani "kimwinyi" ikawa na maana ya uvivu na majivuno, na mara nyingi watu wa pwani kwa jumla walipachikwa sifa hiyo. Naona hilo ni dhuluma. Ni kweli kwamba wapo mamwinyi waliomiliki watumwa na kuishi kwa kazi yao, na historia hiyo isifichwe. Lakini jina limebebwa pia na wavuvi, walimu, wakulima wa mihogo na wanazuoni ambao babu zao waliheshimiwa kwa hekima au kwa elimu ya dini tu.

Kwa hiyo jina hili halithibitishi ufalme, wala halistahili aibu. Kama unalo katika familia yako, waulize wazee wangali hai: Mwinyi wenu wa kwanza alikuwa wa mji gani, nani walimwita hivyo, na jina lake mwenyewe lilikuwa nani? Andika majibu hayo pamoja na majina ya mababu na mabibi walioachwa na karatasi za serikali.