Hosteli si gesti

Msafiri wa begi la mgongoni akiulizia hosteli Dar es Salaam, huenda akaelekezwa Mabibo, wanakolala wanafunzi wa Chuo Kikuu. Kwa Watanzania wengi hosteli ni mali ya chuo.

Hosteli ya msafiri, ile ya kulipia kitanda badala ya chumba, ina asili Ujerumani. Mwaka 1909 mwalimu Richard Schirrmann alinaswa na dhoruba akiwa matembezini na wanafunzi wake, wakajihifadhi katika shule moja; humo likamjia wazo la hosteli. Mwaka 1912 hosteli ya kudumu ikafunguliwa ndani ya ngome ya Altena. Kwa Kiswahili ingefaa kuitwa bweni, ila neno hilo linanukia kengele ya alfajiri.

Huku kwetu mwenye fedha za mawazo hulala gesti. Anaandikishwa daftarini: jina, kabila, atokako, aendako. Kisha swali la bei: chumba cha kawaida au selfu, chenye choo ndani? Gesti isiyo na kibao wala leseni huitwa gesti bubu, jina tamu kuliko malazi yenyewe.

Siku hizi Moshi na Zanzibar hosteli za wasafiri zipo, na vitanda vya dabo deka. Mgeni Mtanzania hutaka kwanza kujua nani atalala juu yake.