Mugumo wa Waiyaki Way

Mnamo Novemba 2020, Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya alitoa amri ya kuuokoa mti mmoja. Ulikuwa mugumo, mti wa jamii ya mkuyu, uliokadiriwa kuwa na umri wa miaka mia moja, nao ulisimama Westlands jijini Nairobi, kando ya Waiyaki Way, mahali palipotakiwa kupita barabara mpya ya kulipia, ya kilomita 27 kutoka Mlolongo. Wanamazingira walikuwa wamepaza sauti. Barabara ikaupisha mti.

Kwa Wagikuyu, mugumo haukatwi ovyo, kwa kuwa wazee walisali na kutoa sadaka chini yake. Wangari Maathai alisimulia kwamba utotoni mama yake alimkataza kuokota kuni za mugumo, kwani ulikuwa mti wa Mungu. Miti mingine mingi ya njia ile haikuwa na heshima hiyo, ikakatwa.

Hata hivyo, amri huzuia shoka tu. Lori likilichubua gome (nalo gome ni zaidi ya ngozi, maana ndani yake hupita chakula kiendacho mizizini), jeraha huwafungulia njia kuvu na wadudu. Magari yakiegeshwa shinani, udongo hushindiliwa hata mizizi ikose hewa na maji, na mti hufa polepole, pasipo mtu wa kushtakiwa. Ukingo wa zege au vigingi vichache huweza kuyazuia magurudumu.

Barabara ilifunguliwa mwaka 2022. Magari hupita karibu na mugumo huo usiku na mchana.