Haina Kitu

Msimamizi wa uwanja alivuta bolti nyuma, akaniinamishia bunduki nione chemba, akachomeka ndani yake kibendera cha plastiki cha rangi ya njano. Kisha akanikabidhi. Nikaipokea kwa mikono miwili, kama nilivyolelewa kupokea kitu kwa mkubwa.

"Kagua," akasema.

Nikamwambia ameshakagua yeye, na mimi nimemwona kwa macho yangu.

"Nami nimekuona ukiniona. Kagua."

Hiyo ilikuwa jioni yangu ya kwanza katika klabu ya shabaha ya chuo, hapa Uingereza ninakosomea shahada ya uzamili ya historia. Uwanja wenyewe ni ukumbi mrefu wenye baridi, yadi 25 kutoka kwenye mkeka hadi kwenye shabaha. Bunduki haikuwa ngeni kwangu kabisa. Baada ya kidato cha sita nilipita JKT, nikalala kifudifudi na kufyatua risasi zangu chache kama wenzangu. Sheria zilizobandikwa ukutani nilizielewa. Mtutu uelekee kwenye shabaha muda wote. Kidole kisiguse kifyatulio kabla ya amri. Bunduki isiyotumika iachwe wazi. Mtu yeyote akiona hatari, hata kama ni mgeni wa siku moja, apaze sauti ya kusimamisha, na wote wasimame.

Ile ya kukagua kilichokwisha kukaguliwa ndiyo iliyonikera. Nilirudi chumbani nikitaka kujua ilikotoka. Nilikuwa na sababu nyingine pia, ya nyumbani, nayo nitaifikia.

Mwaka 1859 Waingereza walikuwa na hofu ya kuvamiwa na Ufaransa ya Napoleon III. Serikali ikaruhusu raia waunde vikosi vya kujitolea, na makarani, wenye maduka na mafundi wakaanza kujifunza kulenga. Katika vuguvugu hilo kikazaliwa chama cha taifa cha walenga shabaha, na tarehe 2 Julai 1860 Malkia Victoria akafungua mashindano yake ya kwanza huko Wimbledon. Alivuta ugwe uliofungwa kwenye bunduki ya Whitworth iliyokazwa juu ya kiegemeo, shabaha ikiwa umbali wa yadi 400. Risasi ikatua karibu na katikati, watu wakashangilia.

Kilichonivuta mimi ni aina ya bunduki za siku zile. Enfield ya 1853, silaha ya kawaida ya askari wa Uingereza wakati huo, ilijazwa mdomoni: baruti, risasi, kisha mdeki wa kushindilia. Bunduki ya namna hiyo haifunguki. Ukiitazama kwa nje, iliyojazwa na isiyojazwa ni mapacha. Ili ujue, utumbukize mdeki ndani ya mtutu uone umeishia wapi, au umuulize aliyeishika mwisho. Kuuliza ndiyo njia rahisi.

Kuanzia mwaka 1866 Enfield hizo zilianza kubadilishwa kwa mtambo wa Snider, ambao ulizifanya zifunguke na kujazwa kwa nyuma. Mwaka 1871 ikaja Martini-Henry. Hapo jicho likaweza kufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na kumbukumbu. Sheria ya kuonyeshana chemba tupu isingewezekana kabla ya hapo.

Lakini kuweza kuona si sawa na kutazama. Mwaka 1902 Mark Beaufoy, aliyekuwa mbunge na mwenye kiwanda cha siki London, alimtungia mwanawe shairi la mawaidha kuhusu kushika bunduki. Kwetu jambo hili si geni. Mwana Kupona naye alimtungia bintiye utenzi wa mawaidha akiwa mgonjwa. Mzazi huandika shairi pale anapojua kwamba hatakuwepo kila siku kukumbusha. Miongo kadhaa baadaye, Mmarekani Jeff Cooper, aliyewahi kuwa askari wa Marines na aliyefungua shule ya bastola Arizona mwaka 1976, aliyakusanya mafundisho ya aina hiyo katika kanuni nne. Usimwelekezee mtutu kitu usichokuwa tayari kukiangamiza. Usiguse kifyatulio kabla ya kulenga. Ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Na ya kwanza kabisa: kila bunduki, siku zote, ina risasi.

Kanuni hiyo ya kwanza si ya kweli, na anayeifuata anajua si ya kweli. Anakubali kuiamini kwa sababu binadamu husahau, na husahau zaidi pale anapokuwa na uhakika.

Sheria hizi zina mpaka wake. Tarehe 13 Machi 1996, mtu mmoja aliingia katika shule ya msingi ya Dunblane, Scotland, akaua watoto 16 na mwalimu wao. Bastola zake alizimiliki kihalali. Kanuni zote za uwanjani zisingemzuia, maana zilitungwa kwa ajili ya anayesahau, na yeye hakuwa amesahau chochote. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza likapiga marufuku karibu bastola zote mikononi mwa raia. Naukumbuka mpaka huo kila ninapomfikiria baba mkubwa wangu, kwa sababu nyumbani tuliuvuka bila kujua.

Majeshi ya Ulaya yalipobadili silaha, zile kuukuu ziliuzwa kwa wingi, na Zanzibar ikawa mlango mmojawapo mkubwa wa kuziingiza Afrika Mashariki. Zikapanda na misafara hadi Unyamwezi, kwetu, ambako Mirambo na rugaruga wake walizitumia kujenga dola hadi alipofariki mwaka 1884. Mwaka 1890 mataifa yakakubaliana katika Mkataba wa Brussels kuzuia biashara ya silaha kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Waliacha mwanya mmoja: bunduki za gumegume, zenye mtutu laini usio na michirizi, ziliweza kuuzwa pamoja na baruti ya kawaida. Bunduki mpya, zile zinazofunguka, zikabaki hasa kwa majeshi ya wakoloni. Mwanakijiji aliyetaka kuwinda alibaki na ile isiyofunguka, na wahunzi wetu wakaendelea kuunda za umbo hilo hadi zama zetu. Tunaziita magobole.

Katika ukoo wetu kuna maneno mawili yasiyosemwa mbele ya baba mkubwa: "haina kitu." Hata chupa ya chai ikiisha, mama husema, "Imekwisha." Baba mkubwa alikuwa na miaka 13. Babu alirudi kutoka porini, akaegemeza gobole nyuma ya mlango. Mtoto akaomba aishike, akauliza kama imejazwa. Akaichukua, akamwelekezea mdogo wake kwa mchezo. Tangu utotoni nilijua kwamba baba mkubwa alimuua mdogo wake. Nani alimjibu kwamba haina kitu, sikujua hadi nilipokuwa kidato cha tano, shangazi aliponinong'oneza jikoni. Alikuwa babu. Alidhani ameifyatua asubuhi. Babu alizikwa kwa heshima zote, na baba mkubwa amezeeka akikaa pembeni kwenye kila harusi na kila msiba, kana kwamba alikusudia.

Jumapili ile nilimpigia simu kama kawaida.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Masomo?"

Nikamwambia yanaendelea. Kisha nikamwambia, nikijitahidi sauti isibadilike, kwamba nimejiunga na klabu ya shabaha, na kwamba huku ukipewa bunduki lazima uifungue utazame ndani, hata kama aliyekupa ni mkubwa wako na ameshakwambia haina kitu.

Nilikuwa nimeyasema yale maneno. Akakaa kimya muda mrefu hadi nikadhani salio limeisha.

"Kwa hiyo hizo za huko zinafunguka?"

"Zinafunguka, baba mkubwa."

"Ile ya mzee haikuwa ikifunguka," akasema.

"Najua, baba mkubwa. Usingeweza kuona."

Hakujibu. Nikasikia akikohoa, akisogeza kiti. Kisha akaniuliza kama baridi ya huku imepungua.