Mkutano wa hadhara ndani ya kanda

Agosti 2015 viwanja vya Jangwani, Dar es Salaam, vilifurika watu mara mbili ndani ya wiki moja. Tarehe 23 CCM walizindua kampeni zao, tarehe 29 ikawa zamu ya UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani. Bendera, vipaza sauti, ahadi. Waliokulia Kariakoo miaka ya 2000 mkutano wa namna hiyo walishausikia zamani, tena kwenye kanda.

Kanda yenyewe ni "Machozi Jasho na Damu" ya rapa Professor Jay, iliyotoka 2001 chini ya mkono wa mtayarishaji P-Funk wa Bongo Records. Humo ndimo ulimo wimbo "Ndio Mzee". Jay anaigiza mgombea jukwaani: wanafunzi watafanya mafunzo ya vitendo mwezini, polisi watapewa helikopta. Kila ahadi inaipita iliyotangulia kwa uzushi, na umati unaitikia kwa adabu ileile. Ufundi uko hapo. Hakuna mkubwa anayetukanwa, hakuna mwananchi anayesema hapana, lakini msikilizaji akimaliza wimbo anajua wazi kwamba kuitikia kote kule ni kukataa. Uchaguzi wa 2000 ulikuwa ndio kwanza umepita. Ahadi zake zilikuwa bado mbichi masikioni.

Darasani ufundi huo wanauita kinaya. Nduguye ni tanakuzi, yaani kuyafunga pamoja maneno yanayopingana. Vijana wa mtaani hawakungoja mwalimu: kwao kitu kizuri kupita kiasi ni "noma", au "hatari", au "balaa".

Mwaka 1991 Saleh Jabir alipoanza kuchana kwa Kiswahili juu ya midundo ya Wamarekani, mdundo ndio uliokuwa mgeni; kinaya kilikuwa mwenyeji. Taarabu ilikuwa imeshazoea kumsifu mtu ili kumsimanga. Dansi nalo lilikuwa na Remmy Ongala, ambaye "Mambo kwa Soksi" yake, wimbo wa kondomu, Redio Tanzania iliukataa ingawa kondomu yenyewe ilivishwa jina la soksi. Wapo wanaosema fumbo lilikuwa kinga tu ya enzi ya redio moja. Siafiki. Radio One ilikuja 1994, stesheni nyingine zikafuata, na kinaya kikazidi kunoga. Watu walikipenda kwa utamu wake.

Tazama "Starehe" ya Ferooz, 2004, aliyomshirikisha Jay huyohuyo. Jina linakuita ukumbini; anayesimulia yuko kitandani, ukimwi unammaliza. Mwana FA naye ana "Alikufa kwa Ngoma", na Mswahili hahitaji kuambiwa ni ngoma ipi. Gangwe Mobb wa Temeke wao waliita mtindo wao rap katuni, wakachekesha hadi kwenye shida. Kwangu mimi "Starehe" ndiyo kali kuliko zote, kwa sababu mzaha haumo kabisa. Kinaya kimebaki kwenye jina tu, nalo linatosha.

Oktoba 2015, miaka 14 baada ya "Ndio Mzee", Jay mwenyewe, Joseph Haule, aligombea ubunge Mikumi kupitia CHADEMA. Akapanda majukwaa ya kweli, akaomba kura kwa watu aliowafundisha kumcheka mgombea. Wakampa. Uchaguzi wa 2020 jimbo likarudi CCM, na mwaka huohuo Mwana FA akaingia bungeni kutoka Muheza, kwa tiketi ya CCM.