Acheni Dere Alale Kidogo

Anko wangu ni dere wa basi la usiku, Kitui hadi Mombasa. Mwaka jana, kabla tu ya kufika Kibwezi, alisinzia. Sekunde chache. Tairi zilipogonga changarawe ya kando ndipo akashtuka. Usiku uliotangulia pia alikuwa barabarani, na mwenye gari alimwambia abiria hawangoji mtu. Tangu hapo najiuliza, waliopita njia hizi kabla yetu walifanyaje na uchovu?

Ebu turudi nyuma. Katika karne ya 19 Wakamba wa Kitui walikuwa wakipeleka pembe za ndovu hadi pwani, kwa miguu. Mmisionari Ludwig Krapf alipotoka Rabai mwaka 1849, alifikia kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui. Msafara kama huo ulifuata maji. Palipo na maji ndipo watu walitua mizigo, wakapika, wakalala. Kupumzika kulikuwa sehemu ya safari.

Alafu ikaja reli. Ilianza Mombasa 1896, ikafika Ziwa Victoria 1901. Injini ya mvuke bila maji haiendi, kwa hivyo hata chuma kilipangiwa pa kusimama. Makindu, huku Makueni, ikawa stesheni. Hapo wafanyakazi wa reli wa dini ya Sikh wakajenga hekalu mwaka 1926, na mpaka leo msafiri yeyote anakula na kupata pa kulala bure. Bure, wasee!

Sasa tujiangalie sisi. Tangu 2012 Sheria ya Trafiki inasema dereva wa gari la abiria au mizigo asiendeshe zaidi ya masaa 8 ndani ya masaa 24. Lakini dere wengi wanalipwa kwa tripu, so wanatafuna miraa wasonge. Miraa inafukuza usingizi, uchovu unabaki palepale. Saa tisa usiku mwili unadai deni lake.

Zamani mapumziko yalikuwa kwenye mpango wa safari. Siku hizi tumemwachia dere ajikaze.

Na sisi abiria tumo. Mimi mwenyewe nimewahi kupiga kelele, "Dere, twende!" basi lilipokawia Mtito Andei. Nikipanda tena nitanyamaza. Na kabla ya kulipa nauli nitauliza: dere wa pili yuko?