Bangi Ukingoni mwa Songwe: Historia ya Kileo na Wajibu wa Kanisa

Mto Songwe, unaopita Kasumulu na kumwaga maji yake katika Ziwa Nyasa, ulifanywa mpaka na Waingereza na Wajerumani katika mapatano yao ya tarehe 1 Julai 1890. Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga, ambao lugha na mila zao zinakaribiana sana, hawakuulizwa. Waliendelea kuvuka mto kwa ajili ya ndoa, misiba na biashara, na hivyo ndivyo ilivyo hata leo.

Tangu mwaka 2020 mto huo umekuwa mpaka wa jambo jingine pia. Mwaka huo Bunge la Malawi lilipitisha sheria inayoruhusu kilimo cha bangi kwa leseni, kwa matumizi ya dawa na ya viwanda tu. Kuivuta kwa starehe kumebaki kuwa kosa. Upande wa Tanzania, sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 inakataza kuilima, kuiuza na kuivuta, na adhabu zake ni kali. Basi mwalimu wa kipaimara akiwaambia vijana wa Kasumulu kwamba bangi ni mbaya kwa sababu serikali imeikataza, atajibu nini wakimwonyesha ng'ambo ya mto? Makala hii inakusudia kutazama historia ya kileo hiki, ili mafundisho yetu yapate msingi ulio imara kuliko ukingo wa mto.

1. Safari ya mmea

Bangi haina asili ya Afrika. Asili yake ni Asia, na jina lenyewe limetoka katika lugha za Bara Hindi. Ilivuka Bahari ya Hindi pamoja na biashara, ikaenea bara karne nyingi kabla ya ukoloni. Huko Ethiopia, karibu na Ziwa Tana, wataalamu wa mambo ya kale walifukua viko vya karne ya 14 vyenye mabaki ya bangi. Maana yake ni kwamba Waafrika walijua kuvuta moshi kabla tumbaku haijaletwa kutoka Amerika. Naye Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika kati ya 1857 na 1859, aliandika habari za wapagazi waliovuta bangi kwa kiko cha maji na kukohoa kwa nguvu. Hao walikuwa watu waliobeba mizigo mizito kwa miezi mingi, mbali na jamaa zao.

2. Undugu wa moshi

Mfano unaotuhusu zaidi sisi watu wa teolojia umetoka Kasai, katika Kongo. Mwaka 1881 Hermann von Wissmann na Paul Pogge walifika kwa chifu Kalamba Mukenge. Wakakuta watu waliojiita Bena Diamba, yaani watu wa bangi. Hao walikuwa wameteketeza hirizi zao za zamani na kuiita nchi yao Lubuku, maana yake urafiki. Walikusanyika na kuvuta pamoja katika kibuyu kikubwa, na mkosaji aliweza kuadhibiwa kwa kulazimishwa kuvuta mpaka azimie. Moshi ulikuwa ishara ya amani, chombo cha nidhamu na kifungo cha ushirika.

Tusidharau habari hiyo. Watu waliochoka na uadui walitafuta upatanisho, wakaukabidhi mmea kazi ambayo sisi tunaiungama kuwa ya Kristo. Hata hivyo, undugu huo ulikuwa na kikomo. Katika miaka hiyo hiyo Kalamba na watu wake walifanya biashara ya pembe na watumwa kwa kupata bunduki. Aliyekaa kwenye kibuyu aliitwa rafiki. Aliyefungwa minyororo hakuitwa. Wissmann mwenyewe alifika Ziwa Nyasa mwaka 1893 na meli iliyopewa jina lake, akianzisha kituo cha Langenburg. Wakati huo Wamoravian na Waluteri wa Berlin walikuwa wamekwisha kuingia Unyakyusa, tangu 1891.

3. Sheria na nyimbo

Marufuku ya kimataifa ilianzia Geneva mwaka 1925, ambako mjumbe wa Misri alisisitiza kwamba bangi iwekwe chini ya udhibiti pamoja na afyuni. Tanganyika, ikiwa chini ya Uingereza, haikuwa na sauti yake yenyewe.

Wakati huo mmea ulikuwa umekwisha kufika mbali. Vibarua wa Kihindi, waliopelekwa Jamaika kuanzia mwaka 1845, walikwenda na desturi ya bangi na jina la ganja. Katika miaka ya 1930 ilizuka huko imani ya Rastafari, ambayo wengi wa wafuasi wake huiheshimu bangi kama mmea mtakatifu. Muziki wa rege ukairudisha Afrika sifa hiyo pamoja na kilio cha haki. Bob Marley alipoimba Harare katika uhuru wa Zimbabwe, Aprili 1980, vijana wengi walisikia sauti ya ukombozi. Baadhi yao hawakutenganisha ukombozi na moshi.

4. Wajibu wetu

Katika Wagalatia 5:20 neno la Kiyunani ambalo Biblia yetu hulitafsiri kuwa uchawi ni *pharmakeia*, neno linalotokana na dawa. Mtume hakatazi tiba. Anakataza kutegemea nguvu ya kitu badala ya Roho. Naye Martin Luther, katika mahubiri yake ya Mei 1539 juu ya 1 Petro 4, aliwakemea Wajerumani kwa ulevi, kwa kuwa mlevi hawezi kukesha wala kuomba. Hakulaani kinywaji chenyewe.

Kwa hiyo na tutenganishe mambo matatu: dawa inayotolewa na tabibu, sheria ya nchi ambayo raia Mkristo huitii, na ulevi unaomnyang'anya mtu akili aliyopewa na Mungu. Kwa kijana hatari ni kubwa zaidi, maana bangi yaweza kuamsha ugonjwa wa akili.

Lakini historia inatufundisha pia kwamba watu walivuta kwa sababu ya uchovu, upweke na njaa ya undugu. Kijana anayeshinda kituo cha mpakani akingojea mizigo ana njaa hiyo hiyo. Tangu mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili imewatibu kwa methadoni watu waliotekwa na heroini, ishara kwamba hata serikali imetambua kuwa adhabu peke yake haiponyi. Je, usharika utakuwa nyuma? Mchungaji anayemtembelea kijana wa namna hii, akamtafutia tabibu na kumrudisha mezani pa Bwana bila kumtangaza, anamwonyesha ushirika usiomwacha mtu nje, wa upande wowote wa Songwe.