Mbio za Moscow na Kalamu ya Kenyamonta

Vijana wenzangu wa kalamu, hebu nianze na swali dogo. Tanzania ina medali ngapi za Olimpiki?

Nenda kijiweni chochote ukaulize. Kuhusu mabao sita ambayo Simba waliwafunga Yanga Julai 19, 1977, utajibiwa kabla hujamaliza swali: Abdallah Kibaden alifunga matatu, Jumanne Hassan Masimenti mawili, na moja Yanga walijifunga wenyewe. Tena utapewa na dakika zake, na anayekupa huenda alizaliwa miaka ishirini baada ya mechi. Lakini medali za Olimpiki? Hapo jamaa wataanza kukuna vichwa.

Jibu ni mbili. Zote ni za fedha, zote ni za mwaka 1980, zote zilipatikana Moscow, na tulizipata kwa siku mbili mfululizo. Julai 31 Filbert Bayi alishika nafasi ya pili katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, nyuma ya Bronisław Malinowski wa Poland. Kesho yake, Agosti 1, Suleiman Nyambui alikuwa wa pili katika mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia, kwa tofauti isiyofika hata sekunde moja. Tangu siku ile mpaka Olimpiki ya Paris mwaka 2024 hatukuongeza nyingine.

Sasa sikilizeni. Huyu Nyambui ni mtoto wa Majita, Musoma. Ni mtu wa Mara. Kutoka Majita, kandokando ya ziwa, mpaka Kenyamonta, kule Serengeti kunakopakana na Tarime, ni mkoa mmoja. Kijana wa Kenyamonta anayekimbia asubuhi kuwahi shule angepaswa kulijua jina hilo kama anavyolijua la babu yake. Je, analijua? Na kama halijui, kosa ni la nani? La kijana, la mwanariadha, au la sisi wenye kalamu?

Mimi nasema watu hawakumbuki kilicho kikubwa. Wanakumbuka kilichoandikwa mara nyingi. Ndiyo maana leo nataka tuzungumze juu ya magazeti ya michezo na watu wanaoyaandika, huku kwetu na huko Urusi, maana hadithi hizi mbili zilikutana Moscow mwaka ule wa 1980.

Tuanzie Dar es Salaam, Februari 1980. Majeshi ya Urusi yalikuwa yameingia Afghanistan Desemba 1979, na Rais Jimmy Carter wa Marekani akataka dunia igomee michezo ya Moscow. Akamtuma Afrika mtu ambaye aliamini hakuna Mwafrika angemkatalia: Muhammad Ali. Kituo cha kwanza kikawa Tanzania. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Kumtuma mwanamasumbwi kuja kuzungumza siasa na rais wa nchi kulionekana ni dharau. Basi Ali akaishia kukutana na maofisa wengine, na akakutana na waandishi wa habari.

Waandishi wale hawakuja kuomba saini. Walimuuliza swali zito: mwaka 1976 Afrika iligomea Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand ilipeleka timu yake ya raga Afrika Kusini ya makaburu, je, Marekani ilituunga mkono? Kwa nini basi sisi tuigomee Moscow kwa ajili ya Marekani? Tena wakamkumbusha kwamba Warusi walikuwa wanawasaidia wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Ali, ambaye ngumi za Joe Frazier na George Foreman hazikumnyamazisha, alitikisika. Alikiri mbele yao kwamba mambo hayo hakuwa ameelezwa, na kwamba pengine angeyajua mapema asingekuja.

Hilo ndilo somo la kwanza. Mwandishi wa michezo anayejua historia anaweza kumbana bingwa wa dunia kwa swali moja tu. Asiyejua historia atauliza, "Unaionaje Tanzania?" na atajibiwa kwamba ni nchi nzuri yenye watu wakarimu.

Nchi zaidi ya 60 hazikwenda Moscow, Kenya ikiwa mojawapo. Tanzania ikaenda. Na jambo la kuchekesha ni kwamba Nyambui wakati huo alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko El Paso, Texas. Alikuwa akifanya mazoezi katika nchi iliyogoma, akapanda ndege kwenda kukimbia katika nchi iliyogomewa.

Je, habari za mbio zile zilifikaje Kenyamonta? Televisheni tusahau, Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja mpaka mwaka 1994. Kulikuwa na redio. Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, ndiyo iliyokuwa uwanja, gazeti na kijiwe kwa pamoja. Wenye redio waliweka betri juani ili zipate nguvu kidogo, na asiye na redio alikwenda kwa jirani. Magazeti yalikuwa machache: Uhuru na Mzalendo ya chama, Daily News na Sunday News ya serikali. Habari za michezo zilikuwa kurasa za nyuma, na gazeti lenyewe lilipotoka Dar kwenda vijiji vya Mara lilifika likiwa limezeeka. Wengine walikutana nalo dukani likiwa limefungiwa sukari.

Moscow mambo yalikuwa tofauti kabisa. Kule kulikuwa na gazeti zima la michezo, Sovetsky Sport, lililoanza mwaka 1924 kwa jina la Krasny Sport, yaani Michezo Myekundu, likabadilishwa jina mwaka 1946. Lilichapishwa kwa mamilioni ya nakala. Magazeti ya huko yalibandikwa pia kwenye mbao za barabarani, na asiye na hela akasoma akiwa amesimama, hata wakati wa theluji. Ukilitazama hivyo utasema, kumbe wenzetu walibarikiwa.

Lakini ngoja kwanza. Gazeti lile lilikuwa chombo cha kamati ya michezo ya serikali na vyama vya wafanyakazi, na lilikuwa na mipaka yake. Oktoba 20, 1982, katika uwanja uleule ambao Nyambui alipata medali, Uwanja wa Lenin ambao leo unaitwa Luzhniki, Spartak Moscow ilicheza na Haarlem ya Uholanzi. Baridi ilikuwa kali na watazamaji walikusanywa upande mmoja mmoja wa uwanja. Mwishoni mwa mchezo, wakati wa kutoka, watu walibanana kwenye ngazi, wakaanguka na kukanyagana. Waliokufa, kwa hesabu rasmi, ni 66, wengi wao vijana wadogo.

Kesho yake gazeti kubwa la michezo halikuandika kitu. Gazeti la jioni la Moscow lilitoa vijistari vichache tu kwamba kulitokea ajali na kuna walioumia. Wazazi walizika watoto wao kimyakimya. Kimya hicho kiliendelea miaka saba, mpaka Julai 1989, wakati wa mageuzi ya Gorbachev, ndipo Sovetsky Sport lilipofunua habari ile. Nchi nzima ikashtuka. Na hapa msomaji naomba uwe makini: gazeti lilipofungua mdomo lilitaja vifo kama 340, mara tano ya idadi rasmi. Hesabu hiyo ya 340 imekuja kuonekana si sahihi.

Unaona mambo hayo? Ukweli ukifungiwa miaka saba, siku ukitoka unatoka umevimba. Uvumi unakuwa umeushika mkono. Mwandishi asipoandika siku ileile, akahesabu, akataja majina, basi anayekuja baadaye anabaki na minong'ono tu, hata awe na nia njema namna gani.

Mwaka 1991 kundi la waandishi liliondoka Sovetsky Sport wakaanzisha gazeti lao, Sport-Express. Utawala wa chama kimoja ulikuwa unavunjika, na kalamu nazo zikawa zinatafuta nyumba mpya. Mwaka uliofuata, 1992, na sisi tukarudi kwenye vyama vingi, na magazeti ya watu binafsi yakamiminika. Mitaani pale Kariakoo na Posta yakatandazwa chini kama samaki sokoni. Ndipo tukapata magazeti ya michezo hasa: Dimba likaja katika miaka hiyo ya 1990, Mwanaspoti mwaka 2001, na mengine kama Bingwa na Championi.

Waandishi hawa tusiwabeze. Wao na wenzao wa redio waliipa lugha yetu maneno ambayo hayakutoka katika ofisi yoyote. Nani alitufundisha kwamba mshambuliaji "hufumania nyavu"? Nani aliwaita Simba "Wekundu wa Msimbazi" na Yanga "Wanajangwani"? Sauti kama ya Charles Hilary na ya Ahmed Jongo zilimfanya mtu aliye mbali aone mpira kwa masikio. Halima Mchuka naye alipokaa mbele ya kipaza sauti cha RTD kutangaza kandanda, alivunja ile dhana kwamba mpira ni mazungumzo ya wanaume. Kijana anayetaka kuandika hadithi na anadharau ukurasa wa michezo anajinyima shule ya bure.

Ila lazima tuseme na upande wa pili. Magazeti yetu ya michezo yalizaliwa sokoni, na soko lina mabwana wawili: Simba na Yanga. Kichwa cha habari chenye majina hayo kinauza. Cha riadha kinabaki mezani. Mwandishi wa mkoani mara nyingi si mwajiriwa, hulipwa kwa habari iliyochapishwa. Akitumia nauli yake kwenda kijijini kuandika mashindano ya mbio, na mhariri akaitupa habari, hasara ni yake. Basi afanye nini? Atabaki mjini asubiri timu kubwa ije. Biashara United ya Musoma ilipokuwa Ligi Kuu, kuanzia 2018 mpaka 2022, Mara tulionekana kurasani. Iliposhuka daraja, na sisi tukashuka nayo. Asiyekuwepo na lake halipo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, Warusi walinyamazishwa na chama na sisi tunanyamazishwa na soko. Anayenyamazishwa na chama anajua amenyamazishwa. Anayenyamazishwa na soko anadhani hakuna habari.

Na habari zipo! Kila mwaka michezo ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, inaanzia huko chini kabla ya kufika mkoani na taifani. Mtoto anakimbia peku, anawaacha wenzake nusu uwanja, watu wanapiga vigelegele, jua linazama, basi. Hakuna aliyeandika muda wake, hata jina lake. Mwakani ameolewa, au yuko machimboni, au anachunga ng'ombe za baba yake, na mbio zile zimekufa. Kisha viongozi wanauliza kwenye mikutano, "Vipaji vimekwenda wapi?" Havijakwenda popote. Havikuandikwa.

Tazameni hata huyo Nyambui. Baada ya Moscow alishinda mbio za marathoni za Berlin mara mbili, 1987 na 1988. Mara mbili, jamani, Berlin! Ukitaka kujua dakika na sekunde zake utazipata katika kumbukumbu za Wajerumani na Wamarekani. Wao walituandikia. Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni katika mashindano ya dunia huko Tokyo Septemba 2025, kwa kumshinda Mjerumani kwenye utepe kabisa, nchi ilishangilia, na ilistahili. Lakini ni wangapi katika walioshangilia walioweza kumwambia mtoto wao kwamba njia ile ilikwishapitwa na Bayi na Nyambui miaka 45 kabla?

Nasikia sana vijana wa jarida hili wakilalamika kwamba hawana cha kuandika, au kwamba wahariri wa mjini hawawajali. Nawaelewa. Hata hivyo leo kila mmoja wetu ana simu mfukoni, na wengine wetu likizo tunarudi kwetu, Kenyamonta, Mugumu, Nyamongo, Sirari. Siku ya mashindano ya shule nenda na daftari. Andika jina la mtoto, la shule, tarehe, umbali, na muda kama kuna mwenye saa. Muulize mwalimu nani alishinda mwaka jana, muulize mzee nani alikuwa na mbio enzi zake. Usiongeze chumvi, 66 iwe 66. Gazeti likikataa, lete hapa. Na hapa pakikosekana nafasi, weka nakala moja shuleni, mwalimu aibandike ukutani kama Warusi walivyobandika magazeti yao barabarani.

Mtoto atakayesimama pale na kulisoma jina lake ataelewa jambo ambalo hotuba hazijaweza kumwelewesha: kwamba alikimbia kweli, na kuna mtu alimwona.